Maji Laini Hayatengenezwi kwa Ndimu

Anayetaka kufuga samaki wa mapambo hapa Kabanga, mkoani Kigoma, hukutana na ushauri kabla hajakutana na samaki. Fundi wa vioo ana lake, jirani aliyewahi kuishi Dar es Salaam ana lake, na ndugu wa Ujiji aliyekulia kando ya ziwa ana lake zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba ulitokana na maji mengine, ukapandishwa huku milimani bila kupimwa. Wanaoumia ni samaki wa maji laini: tetra neoni na diskasi wa Amazoni, tetra wa Kongo na jamaa zao. Hununuliwa kwa bei kubwa, hufa baada ya muda mfupi, na mwenye tangi hubaki akidhani alikosea kiasi cha ndimu.

Nitayajibu hapa madai tisa yanayorudiwa sana, moja baada ya jingine. Msimamo wangu ni mmoja: maji hulainishwa kwa kupunguza kilichomo ndani yake. Makosa kadhaa ninayoyajibu hapa ni majaribio ya kuyalainisha kwa kuyaongezea kitu.

Dai la 1: “Kigoma ni mkoa wa maji magumu, samaki wa maji laini hawawezi kuishi huku.”

Dai hili linauchukua mkoa mzima na kuutumbukiza ziwani. Ni kweli Ziwa Tanganyika lina madini mengi. pH ya maji yake ya juu ni kati ya 8.6 na 9.2, na akiba yake ya bikabonati, ikipimwa kwa miligramu za kalsiamu kabonati kwa lita, ni takriban 300. Sababu zinajulikana. Mto Ruzizi huleta maji kutoka Ziwa Kivu, yaliyokusanya madini katika nchi ya volkano. Mlango pekee wa kutokea ni Mto Lukuga upande wa Kongo, nao hutoa maji machache kuliko yale yanayopaa kwa jua. Maji yanapaa, madini yanabaki.

Lakini Kabanga haiko ziwani. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi. Sisi tuko mamia ya mita juu yake, kwenye milima ya Buha inayopata mvua tangu Oktoba au Novemba hadi Mei. Udongo mwekundu wa huku umeoshwa na mvua hizo kwa muda mrefu mno, ndiyo sababu mashamba mengi yana asidi. Maji yanayopita kwenye udongo wa namna hiyo kwa kawaida hayabebi madini mengi.

Nasema kwa kawaida, kwa sababu miamba ya mkoa huu si ya aina moja. Upande wa Ilagala kuna miamba ya chokaa yenye magnesiamu. Uvinza kuna chemchemi za chumvi ambazo watu wamechemsha maji yake kupata chumvi na kuifanyia biashara kwa karne nyingi. Kwa hiyo sidai kwamba Kigoma nzima ina maji laini. Nasema mkoa una maji ya aina nyingi, na anayetaka kuyajua ya kwake ayapime, kisima kwa kisima, chemchemi kwa chemchemi.

Dai la 2: “Maji laini ni maji yenye pH ndogo.”

Hili ndilo kosa mama. Yako mambo matatu yanayochanganywa kuwa moja. La kwanza ni ugumu wenyewe, yaani kiasi cha kalsiamu na magnesiamu. Huo ndio unaoizuia sabuni kutoa povu na kuacha utandu mweupe ndani ya birika. La pili ni bikabonati, akiba inayoyawezesha maji kuikabili asidi bila kuyumba. La tatu ni pH, inayoonyesha maji yameelekea asidi au alkali kwa wakati huo unaopima.

Mara nyingi mambo haya matatu hupanda na kushuka pamoja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Yatenganishe uone. Chukua maji ya mvua, koroga magadi kidogo, yale yale yanayolainishia maharage. pH itapanda na kupita 8, lakini kalsiamu haimo, na sabuni itatoa povu vizuri. Hayo ni maji laini yenye pH kubwa. Upande wa pili, maji ya kisima kirefu yakitoka tu ardhini yanaweza kuwa na hewa ya ukaa nyingi, pH ikasoma chini ya 7. Yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi, hewa itoke, na kesho pH imepanda. Kalsiamu iliyokuwemo jana imo vile vile leo. Hayo ni maji magumu yaliyokuwa yamejificha nyuma ya pH ndogo.

Samaki wa maji laini anahitaji nini basi? Kwanza, madini machache. Mto Rio Negro, kwao tetra wengi, una maji yanayokaribia ya mvua kwa uchache wa madini, na mwili wa samaki wa huko umejijenga kushika chumvi zake humo humo. pH ndogo ya mto ule inatokana na uchache wa bikabonati pamoja na asidi za majani yaliyooza. Ukiyapata maji yenye madini machache, pH itashuka yenyewe kwa kiasi kinachofaa. Ukiishusha pH peke yake, umebadilisha namba na kuyaacha maji yalivyokuwa.

Kupima hakuhitaji duka la mbali. Karatasi za kupimia ugumu na bikabonati zinaagizwa, lakini maabara ya kemia ya sekondari inaweza kupima bikabonati kwa usahihi zaidi, kwa zoezi ambalo wanafunzi hulifanya kila mwaka. Pima mililita 100 za maji, tia matone ya methili oranji, kisha dondosha asidi ya haidrokloriki ya molari 0.02 hadi rangi igeuke. Kila mililita moja ya asidi iliyotumika ni sawa na miligramu 10 za kalsiamu kabonati kwa lita. Ikitumika mililita 3, maji yako yana akiba ya 30. Ikitumika mililita 30, ni kama umechota Ujiji.

Dai la 3: “Kamulia ndimu au tia siki, pH itashuka.”

Itashuka, kisha itarudi. Tufuate kinachotokea. Asidi ikiingia kwenye maji yenye bikabonati, hupambana nayo na kuigeuza kuwa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ikiwa bado ndani ya maji, pH husoma chini na mwenye tangi hufurahi. Pampu ya hewa ikiendelea kutoa mapovu, hewa ya ukaa hutoka, na kwa kuwa bikabonati iliyobaki bado ni nyingi, pH hupanda karibu na pale ilipokuwa. Mtu huongeza ndimu tena. Samaki anapelekwa chini na juu, chini na juu, mara kadhaa kwa wiki, na kuyumba huko kunamchosha kuliko ambavyo pH 8 iliyotulia ingemchosha.

Tuipige hesabu. Tangi la lita 100 lenye maji ya ziwa linahitaji karibu mililita 700 za siki ya asilimia 5 ili bikabonati yake iishe. Hizo ni zaidi ya nusu lita. Na baada ya kumwagwa zote, mabaki ya siki hayo hayo, kama yalivyo mabaki ya ndimu, ni chakula cha bakteria. Bakteria huyala, hutumia oksijeni ambayo samaki anaihitaji, na wakimaliza huacha bikabonati mpya majini. Kazi yote imerudi nyuma, na usiku huo samaki wamekesha juu ya maji wakitafuta pumzi.

Kwenye maji yetu ya mlimani hatari ni ya namna nyingine. Maji yenye akiba ya 30 hayana cha kupigania. Lita 100 za maji hayo huishiwa kinga yote kwa ndimu mbili tatu tu, na pH ikaporomoka kwa saa moja hadi mahali ambapo hata tetra hawezi kuvumilia mabadiliko ya ghafla hivyo. Kwa hiyo kwenye maji magumu ndimu haifiki, na kwenye maji laini inapitiliza. Zaidi ya hayo, popote inapotiwa, haijaondoa hata chembe moja ya kalsiamu wala magnesiamu. Ugumu uko pale pale.

Dai la 4: “Chemsha maji, ugumu wote utatoka.”

Utatoka ule wa kalsiamu iliyofungamana na bikabonati. Ndio ule utandu mweupe wa birika. Ugumu unaotokana na salfeti hautoki kwa kuchemsha, na magnesiamu haitulii chini kwa urahisi kama kalsiamu. Sasa angalia maji ya ziwa: yana magnesiamu takriban miligramu 40 kwa lita na kalsiamu kama 10 hivi. Anayeyachemsha anaunguza mkaa kwa ajili ya ile sehemu ndogo, huku hewa ya ukaa ikitoka na pH ikipanda zaidi. Kwa kunywa, chemsha kila siku. Kwa kulainisha tangi, mkaa huo ni hasara.

Dai la 5: “Maji ya mvua ni safi, yajaze tangi zima.”

Hapa nakubali nusu ya kwanza kwa moyo wote. Mvua ndiyo dawa ya maji magumu iliyo mikononi mwetu, na milima ya Kasulu na Kibondo imejaliwa nayo kwa miezi saba ya mwaka. Ni maji ambayo jua limekwisha kuyachuja, limeacha madini baharini, ziwani na mabwawani. Anayeishi mahali pakavu hununua mashine ya kuchujia yanayofanana nayo. Sisi yanatudondokea.

Lakini swali la kwanza ni yamepita wapi kabla ya kufika kwenye ndoo yako. Mabati mengi yamepakwa zinki, na mvua yenye asidi kidogo huilamba, hasa bati likiwa jipya. Zinki ni sumu kwa samaki, na sumu hiyo huwa kali zaidi kwenye maji laini kuliko kwenye maji magumu, kwa sababu kalsiamu ndiyo ambayo ingeshindana nayo kwenye mashavu ya samaki. Yaani maji yanayomfaa tetra kwa ulaini ndiyo yanayomwacha wazi zaidi kwa zinki, na pia kwa shaba ya vifaa vya bomba. Mvua za mwanzo baada ya kiangazi hubeba vumbi, moshi na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo mvua za kwanza za msimu zipite. Na hata katikati ya masika, acha bati lioshwe kwanza kila mvua inapoanza, ndipo uelekeze gata kwenye chombo. Nyumba yenye bati jipya kabisa, subiri msimu mwingine au kinga mvua kwa turubai safi lililotandazwa mbali na paa na miti.

Swali la pili ni chombo. Simtanki ya plastiki haiongezi kitu. Tangi jipya la saruji huongeza sana, kwani chokaa ya saruji huyeyuka na kuipandisha pH hadi kiwango cha kuua samaki. Tangi la zamani limepoa, ila bado linayarudishia maji ugumu kidogo kidogo. Wengi wanaosema mvua haikuwasaidia waliichota kwenye tangi la saruji. Mvua ilifika chini ikiwa laini, ikakaa miezi miwili na ukuta wa chokaa.

Swali la tatu ni kiasi. Maji ya mvua peke yake hayana bikabonati ya kutosha kuifanya pH itulie, wala madini kidogo ambayo hata samaki wa maji laini anayahitaji. Kwa hiyo yachanganye, na mchanganyo ni hesabu ya darasa la saba. Dumu moja la maji yenye akiba ya 300 pamoja na madumu manne ya mvua hutoa maji yenye 60. Dumu moja kwa madumu tisa hutoa 30. Mwenye chemchemi yenye 80 atie nusu kwa nusu, apate 40. Kwa tangi la kawaida la samaki wa maji laini, kati ya 30 na 60 ni mahali pazuri: pH itakaa karibu na 7, na haitayumba.

Dai la 6: “Majani ya mkungu hulainisha maji.”

Majani makavu ya mkungu yana faida yake, ila si hiyo. Hutoa rangi ya chai na asidi hafifu. Kwenye maji yenye akiba kubwa ya bikabonati asidi hizo humezwa, ukabaki na rangi tu. Kwenye maji ambayo tayari ni laini huishusha pH polepole, bila mshtuko wa ndimu. Zaidi ya hapo, asidi za majani zina tabia ya kuikamata shaba na zinki na kupunguza ukali wake, jambo ambalo kwa sisi wa mabati si dogo. Basi tumia majani baada ya kulainisha maji, usiyatumie badala ya kulainisha. Yaokote yakiwa yamekauka na kudondoka yenyewe, mbali na mashamba yanayopuliziwa dawa.

Dai la 7: “Mchanga, mawe na makombe ya ziwani ni pambo tu.”

Makombe ya konokono wa ziwani ni kalsiamu kabonati. Ziwani hudumu kwa miaka mingi kwa sababu maji yale yameshiba madini. Kule yale ya konokono aitwaye Neothauma hulaliana chini kwa wingi, na samaki wadogo wa jamii ya Lamprologus huyafanya nyumba na kutagia humo. Yatie kwenye maji laini yenye asidi kidogo, yataanza kuyeyuka siku hiyo hiyo, na tangi litakuwa linarudi ziwani bila wewe kujua. Mtu anachota mvua kila wiki na kushangaa ugumu haushuki, kumbe ameupanga sakafuni kwa mikono yake.

Kipimo kipo jikoni. Dondoshea jiwe au mchanga matone ya siki. Likitoa povu, lina kabonati, nalo halifai. Hapa siki inafanya kazi yake halali. Mawe ya milimani kwetu ya aina ya kwatsi, na mchanga wa mto uliooshwa vizuri, mara nyingi hukaa kimya.

Dai la 8: “Maji yakipungua, ongeza, hakuna zaidi ya hapo.”

Kuna zaidi. Maji yanayopungua kwa kupaa huenda peke yake na kuacha madini yote nyuma. Ukiongeza ya bomba au ya kisima, umeleta madini mengine juu ya yale yaliyobaki. Rudia hivyo kiangazi kizima, na tangi lililoanza na 40 linaweza kufika Septemba likiwa na maradufu. Historia ya Ziwa Tanganyika ndiyo hiyo hiyo, imefanyika kwa miaka mingi zaidi.

Kwa hiyo tofautisha kazi mbili. Kufidia kilichopaa, tumia maji ya mvua matupu. Kubadilisha maji, yaani kuondoa sehemu ya maji machafu na kuweka mapya, tumia mchanganyo wako wa kawaida, kama sehemu moja ya tano kwa wiki. Na kwa kuwa mvua hukatika Mei, anayefuga samaki wa maji laini ahifadhi mapema. Chombo kifungwe kisipate mwanga wala mbu.

Dai la 9: “pH ikizidi kushuka, samaki wanazidi kufurahi.”

Anayesema hivi amesoma kwamba Rio Negro una pH inayoshuka chini ya 5, akataka kuileta sebuleni. Anasahau kwamba tangi halina mto nyuma yake. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na kinachoiondoa ni bakteria wa kwenye chujio. Bakteria hao hula bikabonati wanapofanya kazi, na hulegea pH inaposhuka chini ya 6. Tangi likishaishiwa bikabonati, pH huanguka, bakteria hulala, na taka hujikusanya.

Kwa muda hakuna kinachoonekana, kwa sababu kwenye pH ndogo karibu taka hiyo yote huwa amonia iliyofungwa, isiyo na sumu kubwa. Hatari inakuja siku mwenye tangi anapoamka kulisafisha. Anamimina maji mengi mapya yenye pH 8 au 9, na ile iliyofungwa inafunguka. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 chini ya asilimia 1 ya amonia yote iko katika hali ya sumu. Kwenye pH 8 ni asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Samaki hufa ndani ya saa chache, na lawama huenda kwa maji mapya, hali sumu ilikuwa humo wiki nyingi ikisubiri. Tangi la namna hiyo libadilishwe maji kidogo kidogo, siku baada ya siku, kwa maji yenye pH inayokaribiana na yake.

Ndiyo maana nashikilia akiba isiyopungua 30. Wafugaji wa perege wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: bwawa lenye akiba chini ya 20 hutiwa chokaa ya kilimo, kwa sababu bila bikabonati bwawa halizai chakula wala haliwi tulivu. Hiyo ni kazi ya bwawa, na perege si samaki wa maji laini. Chokaa ya bwawani isije kwenye tangi la tetra. Lakini somo la kutokuishiwa kinga ni la wote.

Tena, tetra, diskasi na samaki malaika wengi wanaouzwa leo wamezaliwa kwenye vituo vya kuzalishia, na huishi vizuri kwenye pH 7 iliyotulia. Ulaini wa kweli unadaiwa zaidi wakati wa kuzaa, kwani mayai na mbegu za samaki hawa hushindwa kwenye maji yenye kalsiamu nyingi. Anayetaka kuzalisha atenge tangi dogo lenye mvua nyingi zaidi. Tangi la kuangalia halihitaji ukali huo.

Kinachobaki kufanya

Kwa utaratibu: pima maji yako, bikabonati na ugumu, kabla ya kununua samaki. Pima na mchanga na mawe kwa siki. Kinga mvua safi, ihifadhi kwenye plastiki, changanya kwa hesabu, acha mchanganyo utulie, kisha pima tena. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza usiku kucha kwenye ndoo wazi. Ukishapata namba unazotaka, zilinde. Samaki huzoea maji yasiyo kamili kuliko maji yasiyotulia. Na usisahau joto. Usiku wa Juni na Julai huku juu ni baridi, diskasi anataka nyuzi 28 hivi, na hakuna ulaini wa maji utakaomwokoa bila kipasha joto.

Liko na jambo kubwa kuliko tangi. Mito ya Kasulu kama Ruchugi huingia Mto Malagarasi, na mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi yameorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu tangu mwaka 2000. Mto huo una samaki wake, akiwemo perege aitwaye Oreochromis malagarasi na yule mdogo Astatoreochromis vanderhorsti, na wengi wa samaki wake ni ndugu wa samaki wa bonde la Kongo. Tilapia wa Mto Nile amekwisha kuenea katika mabonde mengi ya Tanzania na kuchanganya uzazi na perege wa asili, na aliletwa na watu wenye nia njema. Kwa hiyo maji ya tangi yamwage kwenye migomba, mbali na kijito. Samaki usiyemtaka mpe mfugaji mwingine. Asitiwe mtoni, hata akiwa mmoja, hata akionekana dhaifu. Maji ya milima hii ni laini kiasi cha kumfaa mgeni kutoka Amazoni, na hiyo ndiyo sababu hasa ya kutompa nafasi ya kuyajaribu.